Treni au basi kusini mwa Italia? Tazama mlima kabla ya kutazama nauli

Anayepanga safari ya kusini mwa Italia mara nyingi huanza na hesabu ya nauli: basi ni nafuu, treni ni ghali, kwa hiyo tupande basi. Kaskazini, kati ya Milano na Bologna, hesabu hiyo haina ubaya. Ukishapita Napoli inaweza kukulia siku nzima. Kule chini treni ya mkoa ina nauli ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na zipo njia ambazo kwenye ramani zina reli lakini mwenyeji hata haulizi, anakwenda moja kwa moja stendi ya basi.

Sababu ni milima. Apennini imelala katikati ya nchi kama uti wa mgongo wa samaki, na waliojenga reli waliikwepa. Reli moja kubwa inashuka pwani ya magharibi: Roma, Napoli, Salerno, Paola, hadi Reggio Calabria kwenye ncha ya nchi. Nyingine inashuka pwani ya mashariki: Foggia, Bari, Brindisi, Lecce, na hapo imekwisha. Ya tatu inazunguka chini, kutoka Taranto kufuata bahari ya Ionia, na hiyo ni ya njia moja kwa sehemu kubwa na mwendo wake ni wa subira. Reli zinazokatiza kutoka bahari hadi bahari ni chache, zina kona nyingi, na treni zake ni haba. Barabara kuu, kinyume chake, zilikuja baadaye na zikatoboa milima: A16 kutoka Napoli kuelekea Puglia, mkoa wa kusini mashariki, A19 kutoka Palermo hadi Catania, A2 kutoka Salerno hadi Reggio.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: ukifuata pwani, treni, ukikata mlima, basi. Ina mikengeuko, nitaitaja kila tukifika.

Pwani ya magharibi: treni, bila mjadala mrefu

Roma hadi Napoli kwa treni ya kasi ni saa moja na dakika kumi hivi. Basi linachukua saa mbili na nusu au zaidi, na Roma linaondokea stendi ya Tiburtina, ambako itabidi ufike kwanza. Tangu mwaka 2012 Trenitalia, yaani shirika la serikali, lina mpinzani kwenye njia ya kasi, kampuni binafsi ya Italo. Ushindani huo ndio unaofanya tikiti zilizokatwa mapema ziwe nafuu kiasi cha kukaribia basi. Ukichelewa mpaka siku ya safari, nauli ya treni ya kasi inapanda sana. Hapo usikimbilie basi kabla ya kutazama Intercity, treni ya masafa marefu isiyo ya kasi, inayotumia kama saa mbili, au treni ya mkoa, inayotumia karibu tatu lakini nauli yake haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla haijaondoka.

Chini ya Salerno reli ya kasi inakwisha na treni hizohizo zinaendelea kwenye reli ya kawaida. Bado Roma hadi Reggio Calabria ni kama saa tano. Basi la usiku kwa njia hiyo linatumia saa nane na kuendelea. Wapo wanaolipenda kwa sababu linaokoa gharama ya chumba usiku mmoja, na hiyo ni hesabu halali kwa mwenye miaka ishirini na shingo imara. Mwenye kupanda treni ya mchana akae dirisha la kulia anaposhuka kusini: baada ya Sapri bahari inaonekana kati ya handaki na handaki, na kuna mahali reli iko juu ya mchanga kabisa.

Tropea, mji wa vitunguu vyekundu na fukwe, uko kwenye reli ya zamani inayozunguka rasi, huku treni za kasi nyingi zikikata ndani. Shuka Lamezia Terme Centrale ubadilishe upande treni ya mkoa.

Mkengeuko wa kwanza ni Cosenza. Uko nyuma ya mlima wa pwani. Kwa treni mara nyingi unashuka Paola, unasubiri nyingine, ndipo unapenya handaki lenye urefu wa kilomita 15 hivi. Basi kutoka Roma linakupeleka mpaka mjini bila kubadilisha. Kwa Cosenza chukua basi, hasa ukiwa na mabegi.

Napoli hadi Bari: hapa basi linashinda

Miji miwili mikubwa kuliko yote ya kusini ya bara, kilomita kama 260 kwa barabara, na kwa miaka mingi wasafiri wengi wa treni wamelazimika kubadilisha Caserta. Jumla inafika saa tatu na nusu hadi nne, pengine zaidi ukikosa treni ya kuunganisha. Basi la moja kwa moja kwa A16 linatumia kama saa tatu. Napoli linaondokea stendi iliyo pembeni mwa stesheni ya Centrale, na Bari linakushusha via Capruzzi, nyuma tu ya stesheni. Hivyo hata ile hoja kwamba treni inakuacha katikati ya mji haina uzito hapa.

Reli mpya ya kasi inajengwa kupitia milimani, na lengo lake ni kuifanya safari hii iwe ya saa mbili. Ikikamilika yote, aya iliyotangulia itafaa kufutwa. Kabla ya hapo, FlixBus, Itabus na kampuni za Puglia kama Marino ndizo za kutazama kwanza, na treni iwe akiba ya siku ambayo mabasi yamejaa.

Matera

Matera ndio unaowachanganya wageni kuliko mji mwingine wowote. Una mapango yake ya Sassi yaliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1993, ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya mwaka 2019, una stesheni ya kisasa katikati, na bado treni za Trenitalia haziufikii. Reli iliyopo ni nyembamba, upana wa milimita 950, mali ya Ferrovie Appulo Lucane, na inatoka Bari. Stesheni yake ya Bari iko pembeni ya Bari Centrale, mlango tofauti, tikiti tofauti. Safari ni kama saa moja na nusu hadi mbili, wakati mwingine kwa kubadilisha Altamura. Jumapili na sikukuu treni zinaweza kuwa chache au zisitembee kabisa. Pengine yanawekwa mabasi machache, na atakayefika Bari Jumapili asubuhi bila kutazama ratiba anaweza kupoteza nusu siku.

Kutoka Bari, siku ya kazi, mimi ningechukua treni hiyo. Nauli ni ndogo, na njia inapita kwenye mizabibu na mawe meupe ya Murgia. Anayetua uwanja wa ndege wa Bari ana basi linalokwenda Matera bila kuingia mjini, na hilo ni bora kwake.

Kutoka Napoli usihangaike na reli. Kuna basi la moja kwa moja kupitia Potenza, na kampuni ya Miccolis inaliendesha miaka mingi. Kutoka Roma uamuzi ni mgumu zaidi. Frecciarossa, treni ya kasi ya Trenitalia, ya kwenda Taranto inasimama Ferrandina, na kutoka pale kuna basi la kuunganisha hadi Matera. Ni njia ya haraka zaidi, lakini nafasi ni chache kwa siku na bei si ndogo. Basi la moja kwa moja kutoka Tiburtina linatumia saa tano na nusu hadi sita, hakuna kubadilisha, na ukikata mapema nauli yake ni sehemu tu ya ile ya treni. Familia yenye watoto na mabegi manne, ningeiweka kwenye basi. Msafiri mmoja mwenye begi la mgongoni na siku chache, treni.

Puglia: treni ya mkoa inatosha

Kati ya Bari na Lecce usilipe nauli ya treni ya kasi bila sababu. Inaokoa kama nusu saa tu, tena mara nyingi haisimami kwenye miji unayoitaka. Treni ya mkoa inasimama Polignano a Mare, Monopoli na Ostuni, na tikiti ni ya bei ileile siku zote. Unaweza kukaa Monopoli au Bari na kuizuru miji hiyo mmoja mmoja kwa siku. Ostuni peke yake una kasoro: stesheni iko chini bondeni, mji mweupe uko juu kilimani kilomita kadhaa, na lazima ungoje basi la mji.

Ndani ya nchi mambo yanabadilika. Alberobello, Locorotondo na Martina Franca ziko kwenye reli ya Ferrovie del Sud Est, iliyoingia katika kundi la shirika la reli la taifa mwaka 2016. Vipande vya reli hii vimekuwa vikifungwa kwa ukarabati, na badala ya treni linawekwa basi. Ratiba itakuonyesha neno BUS mahali pa namba ya treni, na basi hilo linasimama nje, uwanjani mbele ya stesheni au barabara ya pembeni. Usikae kwenye jukwaa ukingoja. Kwa vyovyote iwe treni au basi, Alberobello kutoka Bari ni safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Chini ya Lecce, kwenda Otranto na Gallipoli, treni za kampuni hiyohiyo zipo lakini ni za taratibu, na Otranto kwa kawaida unabadilisha Maglie. Majira ya joto mabasi ya pwani yanaongezwa na yanafika fukweni kabisa, jambo ambalo treni haiwezi. Julai na Agosti ningepanda basi. Miezi mingine ningekodi gari na kuacha ubishi huu wote.

Kuvuka kwenda Sisilia: njia tatu, tabia tatu

Mlango wa bahari wa Messina una upana wa kilomita tatu hivi mahali pembamba. Daraja limezungumziwa vizazi na vizazi na bado halipo. Kila kitu kinavuka kwa meli, treni ikiwemo.

Ndiyo, treni yenyewe inaingia melini. Intercity ya usiku inatoka Roma, inafika Villa San Giovanni alfajiri, inakatwa vipande vya mabehewa machache machache, na kila kipande kinasukumwa kwenye reli zilizo tumboni mwa meli. Unaruhusiwa kutoka behewani, kupanda ngazi hadi juu, kununua kahawa na arancino (donge la wali la kukaanga), kisha kurudi kabla ya kutia nanga. Upande wa Messina vipande vinaungwa upya na treni inagawanyika: sehemu moja inakwenda Palermo, nyingine Catania na Siracusa. Kwa hiyo namba ya behewa kwenye tikiti yako si urembo, ukilala behewa la jirani unaweza kuamka mji mwingine. Roma hadi Palermo ni kama saa kumi na mbili kwa jumla. Kuna kitanda katika chumba cha watu wanne, na kuna vyumba vidogo vya mtu mmoja au wawili kwa bei ya juu. Kukata na kuunga kunachukua muda mrefu kuliko bahari yenyewe, na mwenye usingizi mwepesi atasikia kila mgongano wa chuma.

Basi la usiku kutoka Roma kwenda Catania au Palermo nalo linaingia kwenye meli ya magari. Muda unakaribiana na wa treni, nauli iko chini, lakini ni kiti tu, hakuna kulala chali. Faida yake ya kweli ni kwa anayekwenda miji ya ndani ya Sisilia, kwa kuwa baadhi ya mabasi yanashusha huko moja kwa moja.

Njia ya tatu wageni wengi hawaifikirii: treni ya kasi ya mchana mpaka Villa San Giovanni, chini kidogo ya saa tano kutoka Roma, kisha unashuka na kuvuka kwa miguu kama abiria wa kawaida. Stesheni na gati vimepakana. Upande wa pili ndipo pa kuwa makini. Meli ndogo za abiria zinashusha bandarini Messina, karibu na stesheni. Meli za magari za Caronte & Tourist zinashusha Rada San Francesco, kilomita mbili hivi kutoka stesheni, na hapo unahitaji basi la mji au tramu. Ukipata meli sahihi na treni ya mkoa ya kuendelea Taormina au Catania, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote za ardhini.

Mara ya kwanza, chukua treni ya usiku yenye kitanda. Sioni namna nyingine ya kuisifu ila kwamba ni mahali pachache sana Ulaya ambapo treni ya abiria bado inapakiwa kwenye meli. Safari ya pili, chukua ya mchana na uvuke kwa miguu.

Ndani ya Sisilia

Kanuni ya pwani na mlima inafanya kazi vizuri hapa. Messina, Taormina, Catania, Siracusa: treni, bahari upande mmoja na Etna upande wa pili. Palermo hadi Catania: basi. Kwa A19 basi la kampuni ya SAIS linatumia chini kidogo ya saa tatu, yanaondoka mengi kwa siku, na reli ya katikati ya kisiwa imo kwenye ujenzi mkubwa wa njia mpya.

Taormina ni mkengeuko unaostahili kuelezwa. Treni inakushusha Taormina-Giardini, stesheni nzuri ya zamani, lakini iko ufukweni. Mji uko kilimani, mita 200 juu. Utatafuta basi la kampuni ya Interbus la kupanda, na majira ya joto lina foleni. Basi la Interbus kutoka Catania, hata kutoka uwanja wa ndege wa Catania, linapanda mpaka mjini moja kwa moja. Kama hulali ufukweni, chukua basi.

Uwanja wa ndege wa Catania kwa kweli ni stendi ya basi ya kisiwa kizima. Tangu 2021 una kituo cha treni pia, lakini mabasi ya Palermo, Siracusa, Ragusa na Agrigento yanaondoka mlangoni.

Njia nyingine, kwa ufupi:

| Njia | Treni | Basi | Chaguo langu |
|---|---|---|---|
| Palermo – Cefalù | Saa moja hivi, nyingi | Hakuna faida | Treni |
| Palermo – Agrigento | Saa mbili hivi, moja kwa moja | Muda unakaribiana | Treni, ingawa inakata kisiwa |
| Palermo – Trapani | Mzunguko mrefu kupitia Castelvetrano | Saa mbili hivi kwa barabara kuu | Basi |
| Catania – Siracusa | Saa moja na robo hivi | Karibu sawa | Lolote linaloondoka kwanza |
| Siracusa – Noto – Modica – Ragusa | Mandhari nzuri, treni chache | Nyingi zaidi | Basi |
| Foggia – Vieste (Gargano) | Reli haifiki | Ferrovie del Gargano | Basi |

Kuna pia Circumetnea, reli nyembamba iliyojengwa mwisho wa karne ya 19 kuuzunguka mlima wa Etna kutoka Catania hadi Riposto. Si njia ya kufika popote kwa haraka. Ni matembezi. Jumapili haitembei.

Sorrento, Pompei na pwani ya Amalfi

Pompei ina stesheni zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapokosea. Ile ya Trenitalia iko katika mji wa sasa, na unatembea kiasi kufika magofu. Ile ya Circumvesuviana, inayoitwa Pompei Scavi – Villa dei Misteri, iko mlangoni pa magofu. Circumvesuviana inaendeshwa na EAV, na tikiti ya Trenitalia haifanyi kazi humo.

Treni hii ni ya wakazi: imebanana, ina joto, na mikono ya wezi wa mfukoni haina likizo. Napoli hadi Sorrento ni kama saa moja na dakika kumi. Wengi wanapandia Garibaldi, chini ya stesheni ya Centrale, na kusimama njia nzima. Tembea dakika kumi hadi Porta Nolana, ambako treni inaanzia, na utapata kiti. Campania Express ni treni ya watalii kwenye reli ileile, ina vituo vichache na nauli ya juu zaidi. Mwezi wa Agosti, ukiwa na mzee au mtoto, lipa.

Baada ya Sorrento hakuna reli. Positano, Amalfi na Ravello zinafikiwa kwa basi la SITA Sud kwenye barabara ya SS163 iliyochongwa kwenye jabali. Kutoka Sorrento kwenda Amalfi kaa upande wa kulia kama huogopi kuona bahari chini ya kiwiko chako, na kama tumbo lako ni jepesi, kaa mbele. Mabasi yakijaa kituo cha kwanza hayasimami vituo vya katikati, kwa hiyo panda yanapoanzia. Tikiti inanunuliwa kwenye duka la tumbaku lenye bango la herufi T.

Lakini ulinganisho wa kweli hapa si wa treni na basi. Ni wa Sorrento na Salerno. Treni ya kasi inafika Salerno moja kwa moja kutoka Roma, stesheni iko hatua chache kutoka bandarini, na toka Aprili hadi Oktoba boti zinakwenda Amalfi na Positano. Hakuna kona wala msongamano. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na basi la SITA la kutoka Salerno linakuwa mbadala wako. Anayelala Amalfi aingilie Salerno. Anayelala Positano anaweza kuchagua. Anayetaka Capri ndiye wa Sorrento.

Jumapili na migomo

Ratiba za kusini zina maneno mawili yanayoweza kukuharibia safari. *Feriale* ni siku za kazi, na hizo ni Jumatatu hadi Jumamosi. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu. Reli kubwa ya Trenitalia inatembea siku zote, mabasi ya masafa marefu pia. Wanaopumzika au kupunguza safari ni wadogo: Matera, Alberobello, Salento (eneo la chini ya Lecce), Circumetnea, na mabasi mengi ya vijiji. Kuna pia *scolastico*, yaani siku za shule tu: basi uliloliona Mei linaweza kuwa halipo Julai. Kwa hiyo panga Jumapili zako ziangukie safari za reli kubwa au siku za kukaa, na ndipo ujaze nyingine. Tarehe 15 Agosti, ambayo ni sikukuu, usisafiri kwa chochote kidogo.

Migomo hutangazwa mapema na mingi huangukia Ijumaa. Siku za kazi sheria inalinda treni za mkoa katika saa za wafanyakazi: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Siku ya mgomo wa reli, basi la masafa marefu la kampuni binafsi kwa kawaida linatembea, na viti vinakwisha mapema. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo ningekata tikiti ya basi kwenye njia ya pwani.

Ucheleweshaji pia hauna fidia sawa. Treni ikichelewa saa moja unastahili robo ya nauli, ikichelewa saa mbili nusu yake, kwa kanuni za Umoja wa Ulaya. Haki nyingi za abiria wa basi zinaanzia safari za kilomita 250 na zaidi, kwa hiyo basi fupi la milimani likichelewa umechelewa nalo.

Tikiti

Programu ya Trenitalia haitakuonyesha kila kitu. EAV, reli ya Matera, Circumetnea na kampuni nyingi za mabasi zina tikiti zao. Usihitimishe kwamba hakuna usafiri kwa kuwa programu moja imenyamaza.

Tikiti ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo jukwaani kabla ya kupanda. Ya simu inataka uithibitishe kwenye programu kabla ya safari. Kutofanya hivyo ni faini, na mkaguzi ameshasikia visingizio vyote. Treni za kasi na Intercity hazihitaji muhuri kwa sababu zina kiti na saa maalumu, lakini ile tikiti nafuu kabisa haibadilishwi wala kurejeshewa pesa. Usiikate kwa siku unayotua kwa ndege kutoka mbali.

Saa zote za ratiba ni za mtindo wa 24: 17.40 ni saa 11 na dakika 40 jioni, na 00.15 ni usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa. Tembea na pasipoti au kibali chako cha ukaazi, mabasi ya usiku hukaguliwa. Kwenye madirisha ya stesheni ndogo Kiingereza ni haba. Waliofanya kazi hoteli za Malindi na Watamu watakuta Kiitaliano chao kinawafaa kuliko walivyotegemea.

Ukitaka kuunganisha yote

Mpangilio ambao ningempa rafiki ni huu. Roma hadi Napoli kwa treni ya kasi. Pompei kwa Circumvesuviana. Napoli hadi Matera kwa basi. Matera hadi Bari kwa ile reli nyembamba, siku yoyote isiyo Jumapili. Bari hadi Lecce kwa treni ya mkoa, ukishuka njiani unapopapenda. Mwenye kutaka na Sisilia aianze safari upande huo: treni ya usiku toka Roma, kisiwa kwa treni na basi kama nilivyoeleza, halafu apande juu kwa pwani ya Calabria.

Kipande kimoja hakina jibu zuri la ardhini: Puglia kwenda Sisilia. Kwa treni ni siku nzima ya kubadilisha, kwa njia ya Ionia au kwa kurudi mpaka Salerno. Basi la usiku kutoka Bari lipo, na ni refu. Zipo ndege za moja kwa moja kati ya Bari na Palermo au Catania, safari ya saa moja hivi. Kabla ya kulinganisha bei yake na ya basi, jumlisha kwanza ada ya begi.